Fundi Aliyepima Watoto Wazima

Mwezi uliopita wageni walitoka Himbi, upande wa matajiri wa Goma, na gari nyeupe, wakaingia ku shule yetu ya Katoyi, wakapiga picha benchi, wakapiga picha mulango, wakainua shingo wakapiga picha hata mikeka iliyofungwa chini ya paa. Kisha mumoja wao akauliza injenieri aliyechora haya yote anaitwa nani, na alisomea wapi. Mama Direkta akamuonyesha bwana yangu, aliyekuwa amepiga magoti anakaza muguu wa benchi, shati limejaa unga wa mbao. Yule mugeni akacheka kidogo, akasema, hapana, mama, mimi nauliza injenieri. Damu ilinipanda. Ndayambaje yeye hakuinua hata kichwa, juu ya vile ni mutu wa hivyo: ukimutukana, atakuuliza kama umekula. Mimi si wa hivyo. Mimi ni mushonaji, mashini yangu iko ku baraza ya nyumba, na kila anayepita barabara yetu anajua kama mudomo wangu hauna breki. Basi nitasema mimi, kwa vile yeye hatasema.

Ndayambaje alizaliwa ku milima ya Masisi, mu familia ya watu wa ng'ombe. Baba yake alitaka achunge. Lakini yeye akichunga, ng'ombe zinaingia mu mashamba ya watu, juu macho yake yote yako ku miti, anaangalia ule umenyooka, ule umepinda. Alipofika miaka kumi na tatu walichoka naye, wakamupeleka Kiwanja, kule Rutshuru, kwa shangazi yake, na bwana ya shangazi njo alimufundisha musumeno na randa. Yule muzee alikuwa mukali. Alimukataza misumari mwaka muzima. Kila kitu kilipaswa kushikana mbao ndani ya mbao, kwa kigingi cha muti kinachopigwa ndani ya tundu. Hadi leo bwana yangu akiona kiti cha misumari anakunja uso kama mutu aliyetafuna kwinini. Anasema kitu cha misumari kikivunjika ni kuni, lakini kitu cha vigingi kikivunjika unatoa kipande kibovu, unarudisha kingine, na kazi inaendelea.

Tulikutana hapa Goma, mimi nikijifunza kushona, yeye akitengeneza rafu za duka lililokuwa jirani. Watu wananiuliza nilimupendea nini mutu asiyesema. Nilimupenda juu alinyamaza, mimi nikapata nafasi. Tuna watoto wane, wa kwanza ni Clarisse, kwa hiyo mimi ni Mama Clarisse na yeye ni Papa Clarisse. Nyumba yetu ni ya mabao kama zote za huku, imesimama juu ya mawe meusi ya volkano. Tofauti ni kwamba ndani hakupakaa vidanji, yale mafuta machafu ya gari watu wanayopakaa ku mbao isioze. Nje, sawa. Ndani alikataa, alisema mutoto hawezi kusoma mu nyumba nyeusi. Majirani walitucheka kwamba nyumba yetu haijaisha.

Lakini fundi wa mbao huku kwetu haishi kwa rafu na vitanda tu. Mutu akikufa, wanamufuata. Na hapa lazima nieleze desturi ya kartie yetu, mutaa huu wa Katoyi, juu yote yaliyotokea yanatoka hapo. Fundi akienda kupima marehemu, hatumii meta. Anakata utete, anaulaza kando ya mwili, anauvunja pale miguu inaishia, kisha anarudi nao ku atelie, pale anafanyia kazi, bila kusalimia mutu njiani. Sisi nasi tukimuona na utete mu mukono hatumusalimii. Tunajua. Siku ya mazishi ule utete unashuka mu kaburi pamoja na sanduku. Ndayambaje alishabeba utete mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka, zaidi sana miaka hii ya vita. Hajakataa hata mara moja. Akitoka kupima mutoto, siku ile hali kitu, na mimi simulazimishi.

Sasa, shule. Vita iliposukuma watu kutoka Masisi na Rutshuru, kalasi zetu sita zililalisha familia arobaini. Walikaa humo miezi na miezi. Walipotoka, benchi karibu zote zilishageuka majivu ya kupikia. Kuna waliowatukana. Mimi sikuwatukana. Mvua inanyesha, mutoto analia njaa, umekaa juu ya benchi ya mukaratusi mukavu: ungefanya nini? Ungepika. Basi watoto wakarudi ku masomo, wanakaa juu ya mawe yaliyovikwa gunia, daftari juu ya magoti, na mvua ikigonga manjanja, yale mabati ya paa, mwalimu ananyamaza kabisa, anangoja, juu hata akipiga kelele hakuna anayemusikia. Huku kwetu mvua si mugeni. Kuna juma watoto walikuwa wanasoma siku mbili tu.

Wazazi wakakubaliana. Kila familia ikaleta mabao: ya vibanda vilivyobomolewa, ya mulango wa zamani, ya kitanda kilichovunjika, ya sanduku za bia. Kukawa na rundo refu kunipita. Mama Bulonza, direkta wa shule, mwanamuke mufupi wa Bukavu mwenye sauti inayofika hadi soko, akamuita bwana yangu akamuonyesha benchi moja iliyobaki, ile familia za vita hazikuichoma juu muzee mumoja alikuwa anailalia. Akamwambia, "Fundi, nitengenezee kama hii, makumi tatu."

Ndayambaje akaketi ku ile benchi. Ikamutosha vizuri sana, miguu chini, viwiko juu ya meza.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Ya watoto."

"Watoto gani?"

Mama Bulonza alifikiri anamuchezea. Lakini bwana yangu alikuwa anauliza kweli. Akazunguka kalasi zote sita siku ile. Mu kalasi ya tatu alikuta binti wa miaka kumi na ine, vita ilishakula miaka yake ya masomo, amekaa bega kwa bega na watoto wa miaka nane. Alikuta mutoto anayeandika na mukono wa kushoto, kila neno anamupiga jirani kiwiko. Na ku mulango wa kalasi ya pili, chini, juu ya mukeka, alimukuta Exaucée.

Exaucée alikuwa na miaka nane. Homa ilimukamata akiwa na miwili, ikamuachia miguu isiyo na nguvu. Baba yake, Habiyaremye, ni mutu wa milima kama sisi, anauza maziwa na fromaji, ile jibini ya Masisi. Kila asubuhi alikuwa anamubeba mugongoni, anapanda naye mawe ya shule, anavuka kile kizingiti kirefu cha mulango, anamulaza ku mukeka, kisha anarudi kuchukua bidon zake za maziwa. Mutoto aliandika akilala ku tumbo. Alikuwa wa kwanza mu hesabu, na mugongo wake ulishaanza kupinda kama ndoano. Inspekta alipopita alisema waziwazi: mutoto asiye na mahali pa kukaa haandikwi mwaka ujao, atamufia mwalimu mu mikono. Mama Bulonza alibishana naye hadi mishipa ikasimama, ikawa bure. Inspekta akamupatia hadi mwisho wa mwezi wa sita. Kama hakuna kiti kinachomutosha Exaucée, jina lake linatoka ku daftari.

Bwana yangu alinieleza hayo jioni tukila sombe. Akasema, "Nitapima kila mutoto." Kwake ilikuwa maneno mingi.

Mungu wangu, ningemuuliza tu atapima na nini.

Kesho yake asubuhi akaenda ku shule na furushi la tete. Mimi sikuona, nilikuwa ku baraza nashona shati za korali. Yeye alikuwa anafikiria magoti na viwiko, na mukono wake ukachukua kile mukono wake unajua: utete mumoja kwa kila mutoto, uvunje pale kipimo kinaishia, andika jina kwa makaa. Meta yake ya chuma ilishakatika ncha, alisema baadaye, inadanganya. Utete haudanganyi. Akawasimamisha watoto kwa mustari ku ukuta. Akamulazia wa kwanza utete ku muguu. Tak, akauvunja.

Wa tano ku mustari akapiga kelele akakimbia. Wa sita akamufuata. Kabla ya saa ine, kartie muzima ulijua kama fundi wa masanduku yuko ku shule anapima watoto wazima. Mimi nilijua wakati niliona wamama wanapita mbio mbele ya baraza yangu, hakuna anayenisalimia, wamefunga vitenge viunoni kama watu wanaenda kwenye moto. Niliacha shati mu mashini nikawafuata.

Nilifika wakati Habiyaremye anaingia. Tulikuwa tunamuita Papa Éphraïm, na hadi leo tunamuita hivyo, kwa jina la mutoto wake wa kwanza. Aliacha bidon za maziwa mu njia, moja ikaanguka ikamwagika, hakuiangalia. Exaucée alikuwa ku mukeka wake, na Ndayambaje alikuwa amepiga magoti kando yake, utete mu mukono, anamueleza kitu, na mutoto anacheka. Hakuwa amemugusa bado. Habiyaremye akamunyanganya ule utete, akauvunja, akavunja vile vipande, akavivunja tena hadi havivunjiki.

"Ulishapima mumoja ku nyumba yangu," akamwambia. Hakupandisha sauti. "Haikukutosha?"

Ilikuwa kweli. Éphraïm alikufa mwaka ule walikimbia vita, na kuhara kwa siku mbili tu, akiwa na miaka kumi na moja. Ndayambaje alimupima na akatengeneza sanduku. Mimi mwenyewe nilishona kitambaa cheupe cha ndani. Na unajua, nilikuwa nimesahau. Nilisimama pale mu uwanja wa shule nikaona haya iliyonifika hadi ku vidole vya miguu.

Habiyaremye akamutia binti yake mugongoni akaondoka. Wamama wakaokota wale wengine. Kesho yake kalasi zilikuwa nusu.

Bwana yangu akarudi ku nyumba akakaa ku ukingo wa kitanda. Siku mbili hakugusa musumeno. Siku ya tatu akasema atarudisha mabao kwa wenyewe na Mama Bulonza atafute fundi mwingine wa kutengeneza benchi kama ile ya zamani. Hapo nilifura. Nilimwambia maneno, sitayarudia yote. Nilimwambia, "Papa Clarisse, kichwa chako ulikiacha Kiwanja? Utete? Mu shule? Hata mbuzi wa huku anajua utete ni wa nini." Nikaendelea. "Na ukimurudishia Mama Bulonza kazi, Exaucée analala ku tumbo hadi inspekta anamufuta. Njo hivyo unataka?"

"Sitaki," akasema. "Lakini hawatanipa watoto wao. Mimi napima wafu."

Nilikuwa na meta yangu ya kushonea shingoni, ile ya kitambaa, ya njano, nilishazoea kuivaa hata nikienda kuteka maji. Nikaishika nimuchape nayo. Na nikiwa nimeishika hivyo nikafikiri: mimi tangu asubuhi nilishapima watu wane. Bibi harusi mumoja, watoto wawili wa komunyo, na mama mumoja aliyenenepa anajisifu. Wote walikuja wenyewe. Wote walicheka.

Nikamwambia, "Weye unieleze nipime wapi. Nitapima mimi."

Akainua macho. Ilikuwa mara ya kwanza siku tatu. Tukakaa pale akanifundisha, mimi niliyepima viuno miaka makumi mbili, kama mutoto wa kalasi ya kwanza: kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, kutoka goti hadi mugongo, upana wa nyonga, kiwiko kikiwa kimelala kiko juu ya kiti kiasi gani. Alinifanya nimupime yeye mara sita hadi niliposhika. Mara ya tano alinikosoa, tukagombana.

Siku ya posho, Jumamosi, nikaenda ku shule na meta yangu ya njano na daftari. Sikuficha kitu, sipendi kuficha. Nikasimama mbele ya wamama nikasema: "Hivi vipimo ni vya Papa Clarisse, viti ni vyake. Alikosa, na munajua alikosa. Lakini leo anayepima ni mimi, na munajua mimi napima wa nini. Nani wa kwanza?" Kisha Mama Nizeyimana, ninayemushonea blauzi tangu hajaolewa, akamusukuma mutoto wake mbele. Akasema mimi nilishamupima yeye mwenyewe tumbo mara nane na bado yuko hai, shida yake ni kwamba tumbo nalo bado liko. Wakacheka. Baada ya ule, sikupata hata nafasi ya kunywa maji. Nilipima watoto mia moja na kumi na mbili, siku mbili. Wamama walibishana mutoto wa nani ana miguu mirefu. Watoto wenyewe walishika namba zao za muguu, kisigino hadi goti, kama jina la ubatizo, wanaimbiana njiani, mimi ni makumi tatu na mbili, weye ni makumi mbili na nane tu, kaa chini.

Mia moja na kumi na tatu angekuwa Exaucée. Nilienda ku nyumba yao mara mbili. Mara ya kwanza Habiyaremye alinisikiliza amesimama ku mulango, akasema, "Aksanti, Mama Clarisse, rudi salama." Mara ya pili nilimuambia anamuua binti yake mu daftari la shule akiwa muzima. Niliyasema, ndiyo. Alifunga mulango polepole. Nilirudi ku nyumba nikalia, na nilikuwa nalia kwa hasira juu yangu mwenyewe.

Ndayambaje alishaanza kazi. Mimi sijui kama mutu ambaye hakuona kalasi ile ya zamani anaweza kuelewa. Aliniomba nipange namba zangu, akaona zinaangukia mu vimo vine, akatengeneza benchi za vimo vine, kila kimo na alama yake ya kuchonga ku muguu, mutoto anaipapasa anajua yake hata kama hajui kusoma. Mwisho wa kila mustari aliacha upande wa kushoto wazi kwa wale wa mukono wa kushoto. Hakuna musumari. Mulango aliupanua, kile kizingiti akakivunja na nyundo, na mawe yake akayapanga nje kuwa njia ya kupanda polepole bila ngazi. Ubao wa kuandikia akaushusha. Kuta za ndani akazikwangua vidanji yote, akazipakaa chokaa iliyochanganywa na udongo mwekundu kidogo isiwachome macho. Kisha akaomba wamama waliokimbia vita, wale wanaojua kufuma, wafume mikeka minene ya mafunjo, akaifunga chini ya manjanja yote. Siku mvua kubwa ya kwanza ilinyesha, mwalimu wa kalasi ya pili alinyamaza kwa mazoea, akangoja. Watoto wakamuangalia. Akasema neno moja kwa sauti ya kawaida, na wa nyuma kabisa akamujibu. Mama Bulonza alitoka mu biro yake akaja kusimama pale mu kalasi, hakusema kitu, na mutu anayemujua anajua hiyo ni ajabu.

Lakini mu mustari wa mbele, kando ya dirisha, kulikuwa na pengo. Si pembeni, si nyuma: mu mustari, jirani huku na jirani kule. Mwalimu alimwambia bwana yangu atengeneze tu, akisie, mutoto wa miaka nane anajulikana. Akakataa. Alisema mugongo ule hauna ruhusa ya kukisiwa, ukikosa vidole viwili unamumaliza kabisa. Mama Bulonza alimusihi. Zilibaki siku sita. Nami kwa mara ya kwanza nilimuona bwana yangu anagombana na mutu, sauti juu. "Sitamutengenezea kiti cha mutu mwingine," akasema. Nilijisikia kuogopa na kujivuna pamoja.

Ilikuwa siku ya tano mbele ya ile tarehe, asubuhi, ndio kwanza nimefunua mashini. Habiyaremye alikuja bila bidon. Alinipita, hakunisalimia, akaenda moja kwa moja ku atelie, upande wa nyuma. Niliinuka nikamufuata, juu nilifikiri amekuja kupigana.

Hakupigana. Alisimama anaangalia mbao. Kisha akasema, "Mutoto wangu jana ameniuliza yeye ni ngapi. Wenzake wote wana namba. Ameniuliza, baba, mimi niko ngapi. Sikujua jibu."

Ndayambaje akaweka randa chini.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja," Habiyaremye akasema. "Siku ile, sanduku ya Éphraïm. Nilikuwa sioni vizuri siku ile. Alitosha mule ndani? Alilala vizuri?"

Mimi nilishika mulango. Bwana yangu alijibu kwa maneno mingi kuliko nilivyomusikia akisema siku moja tangu tuoane.

"Mama yake aliniambia alikuwa analala ubavu, magoti yamekunjwa kidogo. Nikarudi kupima mara ya pili. Nilimuongezea upana ku magoti. Nilipiga randa ndani yote, hata pale chini hakuna anayeona. Alilala vizuri, Papa Éphraïm. Kama kuna kitu ninachojua mu dunia hii, ni kile."

Habiyaremye akafunika uso na mikono miwili. Wanaume wa kwetu hawalii mbele ya watu. Yule alilia, na Ndayambaje akalia, na mimi nilishaanza zamani. Hakuna aliyemugusa mwingine. Alipomaliza akajipangusa na shati, akatoka. Nilifikiri ameenda zake.

Akarudi na Exaucée mugongoni. Nikavua meta yangu shingoni, nikasogea, nilikuwa tayari na daftari. Habiyaremye akatikisa kichwa. Akamuweka binti yake juu ya meza ya kazi, katikati ya unga wa mbao, akamwambia bwana yangu, "Si Mama Clarisse. Mupime weye."

Nitasema ukweli: kidogo iliniuma. Mia moja na kumi na mbili wote niliwapima mimi. Lakini nikamupa Ndayambaje meta yangu ya njano, naye akapangusa kwanza unga wa mbao ku mikono. Alianza ku kisigino. Baba alishika muguu wa binti yake unyooke. Exaucée aliangalia kila namba kabla yangu, akaisoma mwenyewe kwa sauti, mimi naandika. Kisigino hadi goti, makumi mbili na tisa.

"Makumi mbili na tisa," akamwambia baba yake. "Mimi ni makumi mbili na tisa."

Kiti kile kiliisha siku tatu. Kina mugongo unaomushika pale mugongo wake unataka kukimbia, kina mbao mbili za kushikilia nyonga, meza yake imeinama kidogo, na miguu yake imelala juu ya ubao uliokazwa kwa vigingi, haining'inii. Siku inspekta aliporudi, alimukuta Exaucée mu mustari, kalamu mu mukono, hakumutambua. Alimutafuta chini ku mukeka. Mama Bulonza alimuacha atafute vizuri kabisa, anajifanya haoni, kisha akamuonyesha. Jina likabaki ku daftari. Mimi nilikuwa nimesimama nje ku dirisha, sikualikwa, na sijawahi kujivuna mu maisha yangu kama siku ile, hata siku ya harusi yangu.

Hiyo ni mwaka na nusu sasa. Shule mbili zingine zilimuita Ndayambaje, na anaenda na mimi, meta shingoni kwangu. Akiingia mu uwanja, hakuna mutoto anayekimbia.

Na wiki mbili baada ya wale wageni wa Himbi, posho asubuhi, nilikuwa na nguo ya harusi ku mashini, sina muda wa mutu. Nikaona Habiyaremye anapanda barabara, Exaucée mugongoni, na nyuma yao watoto wawili wa kalasi wamebeba kile kiti. Uso wa Habiyaremye ulikuwa mukali, kama mutu anayekuja kushitaki. Akafika ku baraza, akasema kwa sauti ambayo hata jirani wa tatu aliisikia, "Fundi wako yuko wapi? Kiti chake hakifai. Binti yangu anagonga magoti ku meza."

Nilifungua mudomo nimujibu inavyostahili. Kisha nikamuangalia vizuri. Alikuwa anajizuia asicheke, na hakuweza.

Ndayambaje akatoka, akaniomba meta, akapiga magoti mbele ya Exaucée. Mimi nikatafuta daftari la zamani. Kisigino hadi goti.

"Makumi tatu na tatu," akasema bwana yangu.

Habiyaremye akaniomba nisome ile namba ya kwanza, kisha hii mupya. Nikasoma: makumi mbili na tisa, makumi tatu na tatu. Akaketi ku ukingo wa baraza, binti yake ku magoti.

"Soma tena, Mama Clarisse," akasema.

Nikasoma tena.